Ngojeni Mpiga Mbiu

Nilipofungua chumba cha ndugu yangu tuliporudi kutoka mazishi, nilimkuta bado anaua fisi.

Chumba kilikuwa uani mwa nyumba moja ya zamani hapa Woodley. Mama mwenye nyumba alinipa ufunguo akabaki mlangoni. Pazia lilikuwa limefungwa. Kompyuta ilikuwa inawaka mezani, na spika zake mbili ndogo zilitoa sauti niliyoifahamu kabla sijaona kitu: chuma kinaingia mwilini, halafu mnyama analia. Mimi ni mkata nyama kwenye buchari moja Hurlingham. Sauti hiyo ya kwanza naisikia kutwa. Ya kilio huwa siisikii, kwa sababu wanaletwa wakiwa wameshakufa.

"Hiyo kitu imekuwa ikipiga kelele tangu siku hiyo," mama mwenye nyumba alisema. "Kwanza nilifikiri ni redio. Halafu nikasema wacha, hiyo ni kitu ya marehemu. Mimi siwezi gusa."

Kwenye kioo kulikuwa na mwanamume mfupi aliyevaa koti na kofia ya ngozi, ana shoka mkononi. Fisi alitokea kwenye nyasi, yule mtu akampiga tatu kichwani, fisi akaanguka, akachunwa, ngozi ikaingia mfukoni. Kisha mtu akageuka, akatembea hadi kwenye jiwe, akageuka tena. Fisi mwingine akatokea mahali palepale.

Nilikaa kitandani nikamtazama. Mikono yangu ilikuwa bado na udongo wa kaburi kwenye kucha.

Ndugu yangu alikuwa mdogo wangu, na alikuwa fundi wa simu katikati ya mji. Jioni alikuwa akicheza mchezo huu. Watu wa nchi nyingi wanaingia kwa intaneti katika nchi moja isiyokuwepo, wanawinda, wanakata miti, wanajenga, wanauana. Yeye alikuwa amepata programu ndogo inayobonyeza vitufe yenyewe, ili mtu wake aendelee kufanya kazi akiwa hayupo. Ngozi alikuwa anawauzia wachezaji wa ng'ambo. Alinionyesha siku moja nilipomletea matumbo kutoka kazini.

"Hii inaitwa roboti, mkubwa. Mimi niko kazini, na huyu pia yuko kazini."

"Na hao wengine wanaowinda kwa mikono yao?"

"Watajua aje? Nimemfunza tabia." Akacheka. "Saa nne anaenda chai. Saa kumi, chai tena. Jumapili asubuhi anakaa chini, hafanyi kitu, mpaka ibada iishe. Roboti gani inaenda kanisa?"

"Huo si ni wizi?"

"Nimemuajiri tu mtu."

"Umemuajiri nani?"

"Mimi mwenyewe!"

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na nikisema alikuwa mkweli katika mchezo ule nitakuwa namsingizia. Alikuwa anadanganya, na alijua. Lakini simu ya mtu hakuwahi kuiba maishani mwake.

Walimuua kwa simu.

Ilikuwa mchana, kwenye kijia nyuma ya River Road. Mwanamke mmoja alinyakuliwa simu akapiga kelele. Mwenye kuinyakua alikimbia, watu wakakimbia nyuma yake, na ndugu yangu alikuwa anatoka dukani kwenda kununua kioo cha simu ya mteja. Alikuwa anakimbia pia, kwa sababu duka la vioo hufungwa mapema Jumamosi. Walimshika yeye. Walipopekua koti wakapata simu nne. Zilikuwa za wateja, moja haina kioo, moja haina betri. Fundi hutembea nazo hivyo, hawezi kuziacha kwenye kibanda cha mbao. Lakini mtu mwenye simu nne mfukoni, katikati ya kundi linalotafuta mwizi wa simu, hana tena la kusema.

Mama mmoja anayeuza njugu pale kona aliniambia aliyoyasikia. Alikubali kuniambia mimi, akakataa kwenda kituo cha polisi, na simlaumu. Alisema ndugu yangu hakulia mwanzoni. Aliinua mikono, akasema, "Ngojeni. Ngojeni niwapigie wenye simu waje." Alisema hivyo mara nyingi. Mtu akamjibu, "Utawapigia na ya nani?" na watu wakacheka. Halafu ubao ukamshukia mdomoni.

Baada ya hapo ilikuwa mawe na mbao za masanduku ya nyanya. Mtu alileta tairi. Polisi walifika kabla halijawashwa, na mama wa njugu alinieleza hilo kana kwamba ni jambo la kushukuru. Pengine ni la kushukuru. Mama yetu aliweza kumwona uso, ule upande mmoja.

Nilimtambua mochari. Kazi yangu ni mifupa. Najua mfupa uliokatwa na mfupa uliopondwa, najua pigo lililotoka mbele na lililotoka nyuma mtu akiwa tayari yuko chini. Nilitamani siku ile nisingejua. Wengi wao walimpiga akiwa tayari yuko chini.

Nilirudi pale kijiani baadaye, zaidi ya mara moja. Niliuliza kwa adabu. Mwenye duka la betri alisema alikuwa ametoka. Vijana wa mikokoteni walisema siku hiyo walikuwa soko lingine. Mwenye nyanya alisema masanduku yake huibwa ibwa tu. Watu wengi vile, mchana vile, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo. Sikuwa nataka kumfunga mtu. Nilikuwa nataka mmoja aseme: mimi ndiye, nilipiga.

Kwetu magharibi mwanamume wa umri wake halazwi kaburini bila kuwa na nyumba bomani. Ndugu yangu hakuwa amejenga. Kila Desemba alikuwa anasema mwaka ujao. Basi baba zetu wadogo wakamjengea siku moja kabla ya mazishi: nguzo, udongo mbichi, mabati ya kuazima, mlango usio na bawaba. Udongo ulikuwa unadondoka jeneza likipitishwa. Wiki iliyofuata mabati yalirudishwa kwa mwenyewe, na mvua ikamaliza yaliyobaki. Desturi ilitimizwa. Lakini ile haikuwa nyumba yake. Hakuijenga.

Nyumba aliyoijenga nikaiona kwenye kioo, siku ile ya kurudi, nilipoangalia vizuri nyuma ya yule mtu wa shoka. Ilikuwa ya magogo, juu ya kilima kidogo kando ya mto, na paa lake alikuwa amelipaka nyekundu kama mabati ya kwetu. Ilikuwa na kibaraza. Magogo mengi roboti ndiyo iliyoyakata, lakini mahali pa kila gogo alipachagua yeye. Niliwahi kumwona akikaa jioni nzima kwa sababu ya dirisha moja.

Nikahamia chumba kile. Nililipa kodi mimi. Kompyuta sikuizima. Stima ikipotea na kurudi ilijiwasha yenyewe na roboti ikaamka, ndivyo alivyoitengeneza. Nilikuwa natoka asubuhi nikimwacha anaua, nikirudi namkuta anaua. Siku zangu za kupumzika, saa nne, alikuwa anaweka shoka chini, anakaa kwenye jiwe, na mimi nachemsha chai. Mama mwenye nyumba alinikuta hivyo siku moja, vikombe viwili mezani. Alichukua cha pili akanywa.

Halafu wenye mchezo wakabadilisha sheria.

Tangazo lilikaa kwenye kioo wiki nzima. Kiingereza changu ni cha darasa la nane, lakini nililisoma polepole hadi nikalielewa. Walikuwa wamechoka na roboti. Wachezaji walikuwa wanalalamika kwamba wanyama wanamalizwa na watu wasio watu, na nakubali, walikuwa na haki. Kuanzia Jumapili ile, fisi wasingetokea tena mahali pamoja. Wangehamahama, na wangeweza kumvamia mtu popote. Ngozi isingeuzwa kwa mwingine; aliyeua ndiye angeitumia. Na angekuwa anapita mpiga mbiu, mzee mwenye ngoma, bila taarifa. Kila atakayemkuta njiani, mzee huyo atamwagiza jambo dogo: lete maji, washa moto, fungua lango. Mtu hawezi kutii agizo kama hilo ila awe pale kweli.

Asiyefanya alipakwa uso rangi nyekundu. Mwenye uso mwekundu alikuwa halali ya kila mtu: yeyote angeweza kumuua bila kosa. Mpiga mbiu angemrudia mara moja tu, jua la mchezo litakapochomoza tena. Akitii mara hiyo, angepaswa kufa mara moja ili alama imtoke, kisha angeamka nyumbani kwake mikono mitupu. Lakini akiuawa kabla mpiga mbiu hajarudi, jina lake lilifutwa na nyumba yake ikabomolewa.

Nilisoma mahali hapo mara kadhaa. Nilijua ninachopaswa kufanya: kuzima roboti. Ndugu yangu alinionyesha kitufe, kile cha juu kabisa upande wa kulia. Nilikitazama Jumamosi nzima jioni. Lakini kuizima ilikuwa kuzima chai ya saa nne.

Jumapili niliamka nikamkuta anapiga hewa. Fisi walikuwa wamehama. Alikwenda kwenye jiwe, akageuka, akapiga tatu mahali ambapo kichwa cha fisi kilikuwa kikitokea, akainama, akachuna nyasi. Akageuka tena. Ilipofika saa yake ya ibada akaweka shoka kando akakaa chini. Nikajiambia amekaa salama. Na mimi nikaenda kanisani.

Mpiga mbiu alipita wakati wa ibada.

Niliporudi nilisikia makelele nikiwa bado uani. Ndugu yangu alikuwa amekaa vilevile, mikono magotini, uso mwekundu kama nyama ya paja. Watu walikuwa wamemzunguka, wengi, wana marungu na mikuki na mapanga. Hawakuwa wanapiga bado. Walikuwa wanangoja ainuke. Pembeni mwa kioo maandishi yao yalikuwa yanapanda haraka, na nikaona ni Kiswahili cha hapahapa.

"Msimguse, ibada haijaisha. Tuna heshima sisi."

"Huyu ni wetu. Ametumalizia fisi mwaka mzima."

"Anaenda chai kuliko karani wa kaunti!"

"Leo atakunywa mbinguni."

Aliyekuwa anawaongoza alivaa kofia ya pembe. Wengine walimwita chifu. Nyuma yao kulikuwa na wageni wawili watatu walioandika Kiingereza, nao walikuwa wanasema kitu kimoja tu: aueni.

Nilikaa, nikabonyeza kile kitufe. Sauti ndogo ikalia, na yule mtu akasimama wima akawa hana anayemwongoza ila mimi.

"Ameinuka!" mmoja aliandika. "Ibada imeisha!"

Wakampiga.

Sijui wengine huonaje mambo haya kwenye mchezo. Mimi niliona kundi. Rungu lilimpata begani, mkuki ubavuni, na spika zikatoa sauti ileile, chuma kinaingia mwilini. Mstari mwekundu juu ya kichwa chake, ambao ni uhai, ukapungua robo kwa mara moja. Mtu alimpiga kutoka nyuma. Nilitaka kumtorosha nikabonyeza kitufe kisicho sahihi, akakaa tena chini, na wakacheka, na wakapiga akiwa chini.

Mikono yangu imezoea kisu, si vitufe. Nikatafuta herufi moja moja.

"Ngojrni," niliandika.

"Heh! Imeongea!"

"Roboti ya siku hizi inajua Kiswahili."

"Kiswahili gani hiyo? Imekosea!"

"Ngojeni," niliandika tena. "Ngojeni mpiga mbiu."

Mwenye kofia ya pembe akasimama mbele. "Tulieni kwanza. Wewe, kama ni mtu, ruka."

Sikujua kuruka. Nilijaribu kitufe kimoja, mtu wangu akavua kofia. Nikajaribu kingine, akatupa shoka chini miguuni pao. Nikajaribu cha tatu, akapiga makofi.

Kicheko kilijaa kioo.

"Roboti gani inatupa silaha na kujipigia makofi?"

"Huyo si roboti, huyo ni mama yangu akishika simu yangu!"

"Chifu, huyo ni mtu. Roboti haiwezi kuwa mjinga hivyo."

"Ni mtu sasa," mwingine akaandika, mwenye ngao ya bluu. "Lakini ilikuwa roboti jana. Mimi nimemwona miezi. Tumpige tu, jua halijachomoza."

Alikuwa amesema kweli. Nikamwandikia hivyo. Nilichukua muda mrefu, na mgeni mmoja aliendelea kumchoma kwa mkuki kila nilipokuwa natafuta herufi.

"Ni kweli ilikuwa roboti. Alikuwa anawadanganya. Mwenyewe alikufa na mimi ni mkubwa wake. Nyumba ile ya paa nyekundu aliijenga yeye. Mkimuua sasa itabomolewa. Ngojeni mpiga mbiu aje, nimtii, halafu mtafanya mnavyotaka."

"Alikufa na nini?" mmoja akauliza.

"Aliuawa."

"Na nani?"

"Watu. Walisema ni mwizi. Nyuma ya River Road."

Mgeni alichoma tena, na mstari ukabaki kama ukucha.

"Yule fundi wa simu?" mtu akaandika. "Mimi niliona video."

Mimi sijaiona video hiyo na sitaiona. Nilijua ipo. Kuna watu wanaopiga na kuna watu wanaoshika simu, na wote wanarudi nyumbani jioni kula.

"Ndiye," niliandika.

Mgeni akainua mkuki. Mwenye kofia ya pembe akamgeukia akampiga shingoni, panga likazama, kichwa kikaanguka upande mmoja na mwili upande mwingine, na damu ya mchezo, nyeusi zaidi ya ile ninayoijua, ikamwagika kwenye nyasi. Wageni wenzake wakaingia. Wale wa nyumbani wakajipanga kunizunguka, migongo kwangu, nyuso nje. Dakika chache zile zilikuwa za kuuana tu. Rungu lilipasua fuvu karibu yangu. Mwenye ngao ya bluu, aliyetaka nipigwe, alikatwa mkono akaendelea kusukuma kwa ngao, huku akiandika, "Bado sijakuamini lakini ngoja tumalize hawa."

Mama mwenye nyumba alikuwa ameingia bila mimi kumsikia. Alisimama nyuma yangu na sufuria mkononi.

"Hao wote wanampiga nani?"

"Wanawapiga waliokuwa wananipiga."

"Aii," alisema. "Basi wapige vizuri."

Jua la mchezo likachomoza upande wa mto. Ngoma ikalia, na mzee akaja akipita juu ya maiti. Alisimama mbele ya ndugu yangu akamwagiza amletee maji.

Mto ulikuwa hatua chache tu chini ya kilima, lakini mimi nilikuwa sijawahi kumtembeza mtu huyo. Nilimpeleka kwenye jiwe, akagonga jiwe. Wakaanza kuniongoza wote pamoja.

"Kushoto, mzee. Kushoto!"

"Hiyo ni kulia."

"Kulia kwake au kulia kwangu?"

"Msimchanganye, uhai wake umebaki kama nywele!"

Fisi akatoka majanini mahali ambapo hakujawahi kuwa na fisi. Alikuwa anamrukia ndugu yangu shingoni. Sikuwa na shoka, nilikuwa nimelitupa. Mtu alirusha mkuki kutoka mbali ukamtoboa yule mnyama tumboni, akaanguka juu ya miguu yangu akilia. Nilipita. Nikafika mtoni, wakaniambia nibonyeze nini ili niiname, nikainama, nikachota. Nilirudi na maji mikononi, kundi limenifungulia njia pande mbili, na kila aliyekuwa upande huu au ule alikuwa na silaha. Hakuna aliyeinua.

Mzee alipokea maji akaendelea na ngoma yake.

Uso wa ndugu yangu ulikuwa bado mwekundu. "Sasa ndiyo sheria," mwenye kofia ya pembe aliandika. "Lazima ufe mara moja. Utaamka nyumbani. Tufanye haraka au aje?"

Walianza kusogea. Walikuwa wananifanyia wema sasa, najua, lakini walikuwa wengi na walikuwa wanasogea kwa pamoja. Mama mwenye nyumba alinishika bega.

"Ngojeni," niliandika tena, na mara hii walingoja. "Nataka mmoja tu. Na aseme ni nani, yuko wapi, anafanya kazi gani. Ndipo apige."

Nilifikiri nimeomba kubwa. Hata kijiani nilikuwa nimeomba dogo kuliko hilo.

Akatoka mwenye ngao ya bluu, mkono mmoja.

"Mimi," aliandika. "Niko Parklands, naosha magari pale karibu na hospitali. Mama yangu yuko Kangemi. Mimi ndiye niliwaita wote leo, niliwaambia kuna roboti inaenda kanisa. Na nilikupiga ukiwa chini, ile ya mgongo. Hiyo ilikuwa mimi. Pole kwa ndugu yako, mkubwa."

Nilisoma maneno hayo. Mama mwenye nyumba aliyasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la kanisa, na alipofika kwenye neno pole akalirudia.

"Asante," nikaandika. "Piga."

Alipiga pigo moja la mbele, mahali pa moyo, safi, kama mtu anayejua kazi. Ndugu yangu akaanguka. Kioo kikawa cheusi. Spika zikanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie chumbani humo nikasikia magari ya Ngong Road.

Kisha kukawa na kibaraza.

Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nyumba yake, uso wake wa kawaida, hana koti, hana shoka, hana hata ngozi moja. Kundi lilikuwa limepanda kilima na kusimama nje ya ua, kama watu wanavyosimama kwenye boma lenye matanga, hawaingii mpaka waitwe.

Roboti haikuwahi kuingia ndani. Haikuwa na kazi ndani. Nami sikujua mlango unafunguliwaje.

"Mlango unafunguliwa na nini?" niliandika.

Wakacheka, wakaniambia. Nikabonyeza, ukafunguka, una bawaba nzuri.

Ndani hakukuwa na kitu. Hakuwa amefika huko. Sakafu ilikuwa udongo mtupu, na jua liliingia kwa lile dirisha lililomchukua jioni nzima, likaanguka pahali ambapo bila shaka alitaka kuweka kitanda. Nilimsimamisha hapo kwa muda. Mama mwenye nyumba aliweka sufuria mezani akavuta kiti.

"Sasa utafanya nini na mikono mitupu?" aliniuliza.

Nikarudi kibarazani. Walikuwa bado wapo. Nikawauliza mbao zinakatwa wapi, na ni kitufe kipi.